Mteja wa Kwanza wa Shemeji

Fundi wa simu alikuwa na sifa moja ambayo hata mahasidi wake hawakuipinga: simu ya mteja aliifungua mgongo tu. Picha za watu na meseji zao hazikumhusu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwachia simu pamoja na namba zake za siri.

Balaa lilianza na shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeacha kazi akajifungia chumbani kutengeneza programu ya kuchati. Ujumbe ukishasomwa unafutika, hata yeye mwenye programu hauoni. Ila ni ya kulipia.

"Shemeji, wewe ndiye unaonana na watu. Hebu niulizie kama watalipa."

Heri angewauliza barabarani. Fundi, kwa kimbelembele chake, aliwauliza wateja palepale kaunta, simu zao zikiwa bado mkononi mwake! Muuguzi mmoja alipoulizwa, aliipokonya simu yake akaondoka bila kuaga. Fundi akacheka. Angejua, asingecheka.

Kisha akaja dalali wa nyumba, mtu mpole, yuleyule aliyemtafutia fundi na mumewe nyumba wanayopanga. Kioo cha simu yake kilikuwa tayari.

"Eti kaka, ungelipa kitu kidogo kila mwezi, meseji zako zisije zikaonwa na mtu?"

Dalali aligeuka, akaurudisha mlango wa duka taratibu.

"Umesoma zipi?"

"Sijasoma kitu! Ni programu tu, ya shemeji yangu..."

"Kumbe na shemeji yako anajua."

Kila fundi alipojieleza, alizidi kujichimbia. Akamwonyesha programu yenyewe. Dalali akaitazama kama anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Sawa, tuiite programu." Akatoa mfukoni bahasha nene, bila shaka kodi ya mtu, akaiweka juu ya kaunta. "Kila mwezi, kama ulivyosema. Nyie mlale, na mimi nilale. Nyumba haina shida, eti? Ufunguo wa akiba bado ninao."

Akachukua simu yake akaenda zake.

Fundi alibaki ameikodolea macho bahasha. Kuichukua ni kukubali kwamba anajua. Kuirudisha ni kusema haitoshi. Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka bisibisi ikamponyoka. Na kibaya zaidi, hakujua anaogopa nini, maana hiyo siri hakuwa nayo! Kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekuwa mmbea, walau ajue amejiingiza kwa mtu wa namna gani.

Alifunga duka mapema. Kuiacha bahasha dukani aliogopa, kuifungua aliogopa. Akaitia mkobani na kwenda nyumbani akigeukageuka nyuma njia nzima.

Shemeji alimpokea mlangoni, hamu imemjaa usoni.

"Vipi shemeji, kuna atakayelipa?"

"Yupo mmoja."

"Nilijua tu! Mteja wa kwanza!" Akaanza kurukaruka sebuleni. "Na wala usiniambie ni nani. Uzuri wa programu yetu ndio huo, siri ya mtu hatuijui."

Fundi aliufunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili. Akakitazama kitasa, akakumbuka nani aliwakabidhi funguo zake.

"Acha kuruka, shemeji," alisema. "Njoo tusukume hili kabati mlangoni."