Risasi Zilizojazwa Gereji

Nilimpiga shemeji yangu ngumi ya shavu akiwa amelala kifudifudi, na mpaka leo siombi radhi. Watu nikiwasimulia hivyo tu huangalia pembeni, kwa hiyo nitaanza mwanzo, nao wataamua wenyewe.

Mwaka ule kiwanda cha magari cha Longbridge, hapa Birmingham, Uingereza, kilikuwa kimefungwa. Mimi, fundi mashine, nikawa nashinda nyumbani nagombana na kila kitu, hata birika. Aliyenitoa ndani ni mzee mmoja Singasinga, mzaliwa wa Nakuru kama mimi, ambaye tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, akaniingiza. Mimi nilipenda ile kelele. Bunduki inakupiga teke la bega, masikio yanavuma, hasira inapata pa kutokea. Mzee alipenda utaratibu. Risasi za dukani alizidharau. Aliokota maganda yaliyokwishatumika, akayasafisha, akayatia fataki mpya kitakoni, akapima baruti kwa mizani ndogo, kisha akasindilia kichwa cha risasi juu yake. Yote hayo aliyafanya kwenye gereji yake, redio ikiimba.

Risasi za kujaza mwenyewe zina adabu yake. Unaanza na baruti kidogo, unapanda polepole, na kila hatua unachunguza ganda kama limevimba, unaangalia matundu kwenye karatasi kama yanakaribiana. Juu ya yote hayo kuna sharti moja: aliyejaza ndiye anayepiga kwanza. Kama alikosea, kosa limrarue yeye. Mzee ndiye aliyenifundisha sharti hilo, tena kwa kuninyooshea kidole usoni.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anatoka Kivu, mashariki ya Kongo. Akiwa bado kijana mdogo waasi walimchukua porini wakampa bunduki, na alikaa nao mpaka alipopata upenyo wa kutoroka. Alitoka bila jeraha hata moja, na ndugu zake walimshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Birmingham alikuwa kinyozi mtaa wa Alum Rock, na watu walingoja foleni kwa ajili ya mikono yake hata kama kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Aliposikia klabu ina siku ya wageni, akasema anataka kuja. Nikamwuliza anatafuta nini huko.

"Nataka nishike bunduki mara moja, pasipo mutu wa kunikamandea," alisema. "Kisha niiweke chini. Ni hiyo tu, c'est tout."

Mke wangu alikataa katakata. Alipoona kaka yake habadiliki, akanishika kola mlangoni. "Umurudishe na mikono yake yote," aliniambia. "Ukimurudisha pungufu, na wewe usirudi." Hakuwa anatania.

Uwanja ulikuwa kwenye machimbo ya zamani nje ya mji, matope matupu. Mzee alikuja na trei ya risasi mpya ambazo zilikuwa hazijajaribiwa. Mpango ni azipige yeye kwanza, halafu wageni wapewe za dukani. Lakini alipomwona shemeji amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, ustaarabu wa kwao ukamzidi nguvu. Nyumbani kwake mgeni anakunywa chai kabla mwenyeji hajakaa. Akaona haya kulala kwenye mkeka wa kupigia risasi ajifurahishe huku mgeni anatazama.

"Wewe mgeni, wewe piga kwanza," akamwambia.

"Mzee, hizo hazijajaribiwa," nikasema. "Sharti ni lako mwenyewe."

"Mimi napima mzuri, bwana. Hii ya chini kabisa, baruti kidogo tu. Wacha mgeni afurahi."

Nilimtukana kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili ningeona aibu, naye hakugeuka. Shemeji alikuwa tayari amelala mkekani, amekumbatia bunduki vizuri kuliko sisi sote.

Ya kwanza ililia kama inavyopaswa. Ya pili ikatoa sauti ya hovyo, pu, kama mtu amepiga debe tupu. Yeyote aliyefundishwa uwanjani anaijua sauti hiyo, na anatoa mkono kwenye bunduki papo hapo. Maana yake ganda halikuwa na baruti, na fataki peke yake imeisukuma risasi ikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, chuma kinapasuka mbele ya uso wako.

Shemeji hakufundishwa uwanjani. Kabla sauti haijaisha alikuwa ameshavuta komeo la bunduki, ganda likaruka, risasi nyingine ikaingia. Mikono ilifanya yenyewe. Msimamizi wa uwanja alipiga kelele ya kusimamisha, mimi pia, naye kama hayupo. Nikaona kidole kinaingia kwenye kifyatulio.

Nilimrukia. Goti langu lilitua mgongoni kwake, nikampiga ngumi ya shavu kwa nguvu zangu zote, kisha nikamkanyaga mkono mpaka ukaachia bunduki. Naomba nieleweke: nilimpiga kwa hasira kabisa, na ile hasira ilikuwa upendo. Akageuka. Kiwiko chake kilinivunja jino, vidole vyake vikanikaba koo, na macho aliyonitazama nayo hayakunijua. Ilibidi watu watatu watutenganishe.

Mzee alitoa ile risasi iliyoingia, akapitisha chuma chembamba kwenye mtutu, akagonga kwa nyundo ndogo. Tulisikia kila pigo. Mwishowe kichwa cha risasi kikadondoka mkekani, kisafi, hakijaharibika hata kidogo.

"Mama aliniita chai," akasema Mzee; ndivyo alivyomwita mkewe. Alikuwa ameuacha mstari wa maganda katikati kule gereji, na aliporudi akaruka ganda moja bila kulitia baruti. Alianza kulia, ndevu zinatetemeka, na mimi badala ya kumhurumia nikaipiga teke trei yake, risasi zikatapakaa matopeni. Msimamizi alinifukuza, na alifanya haki.

Nilimpakia shemeji garini. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, mizima, wa kulia una alama ya kiatu changu. Mimi natema damu kwenye kitambaa. Tulipofika mtaa wa Digbeth, kwenye taa nyekundu, nikaona lazima nimweleze. Nikamwambia kuhusu ile sauti, kuhusu mtutu kuziba, na kwamba angepoteza mikono, pengine na macho.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kule, bunduki ikikataa na wewe ukawaza kidogo, banakupiga na fimbo mpaka unalala," akasema. "Mwenzangu aliwaza. Balimupiga mpaka akakufa, mbele yangu. Basi, donc, mimi nikajifunza kutowaza." Akaligusa shavu lake, lilikuwa limeshavimba. "Leo sikuwaza, na bado nimepigwa. Sasa, shemeji, beau, wewe uniambie: mutu afanye nini ili basimupige?"

Taa ikageuka kijani. Walionifuata wakaanza kupiga honi, nami nilikuwa bado namtazama.