Imekua au Imekula?

Juzi nilihudhuria mkutano wa wanahisa wa kampuni moja ya chakula cha samaki hapa Mwanza. Hisa zangu ni chache, za kunipatia soda na kofia.

Mkurugenzi alisimama, akainua mkono juu ya kichwa chake. "Ndugu wanahisa, kampuni yetu imekua mara mbili!" Kisha akaushusha mpaka gotini. "Mshindani wetu amekua hivi tu. Anayetafuta hisa zenye thamani atulinganishe!"

Tukapiga makofi. Mzee mmoja aliyevuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga, jirani yangu wa kiti, akanitegea sikio.

"Amesema imekula mara mbili?"

"Imekua, mzee wangu. Imekua."

"Ndiyo, imekula. Sasa gawio ni lini?"

Swali lake lilifika mbele bila kipaza sauti. Mkurugenzi akatabasamu.

"Shikamoo, mzee. Mwaka huu hakuna gawio. Faida yote imeingia kwenye ukuaji."

"Marahaba. Na huyo wa gotini, ametoa?"

Mkurugenzi akalegeza tai. "Ametoa. Lakini yule hana maono."

Mzee akanigeukia taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto Kiswahili. "Umesikia? Imekula."

Vijana wa mtaa wa Mabatini wangemalizia: imekula kwako, yaani hasara ni yako. Mimi niliyejifanya mwalimu wa matamshi nilikwenda kupanga foleni ya soda.

Kofia ya mwaka huu inanifunika mpaka macho. Nadhani nayo imekua.