Mama mkwe na unga wa honge

SAA moja asubuhi, Siddagangamma anachomeka sari kiunoni na kushika hendeli ya injini ya mashine ya kusagia kwa mikono miwili. Mara ya kwanza inakohoa. Mara ya pili inakohoa na kutema moshi. Ya tatu inanguruma, na wanawake waliopanga mabeseni ya ulezi nje wanapiga makofi.

"Leo imekusikia!" jirani yake, Rathnamma, anamtania. "Jana uliitukana mpaka mbuzi wakakimbia."

Kwanza injini inakunywa dizeli kidogo, maana mafuta ya honge ni mazito na asubuhi hayapandi. Ikishapata moto, Siddagangamma anafunga bomba moja na kufungua lingine. Kuanzia hapo inaendeshwa na mbegu za miti ya honge iliyoko kandokando ya mashamba ya kijiji cha Hirehalla.

Umeme hapa huja unapojisikia. Dizeli iko mjini, na lita moja inazidi rupia tisini. Kwa hiyo wanawake huleta mbegu za honge kama malipo na kusagiwa ulezi. Kilo nne zikikamuliwa mjini hutoa lita moja ya mafuta, na mashudu yake huenda kwenye minazi kama mbolea.

"Msidhani ni bure," anasema Siddagangamma, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili. "Kuokota kunavunja mgongo, kumenya kunapasua vidole. Lakini msimu ukiisha umemaliza. Jiwe la kusagia hulimalizi. Leo umesaga, wamekula, kesho linakuita tena."

Jiwe analijua. Alipoolewa hapa aliketi kila alfajiri uso kwa uso na mama mkwe wake, Puttamadamma, mikono yao minne kwenye mpini mmoja. Saa nzima iliwapa kilo mbili za unga. Miaka sita iliyopita kikundi cha wanawake kiliponunua injini kuukuu, ni yeye aliyejitolea kujifunza kuiendesha.

Sasa nyumba zote husaga kwake, isipokuwa moja. Yake.

Puttamadamma, miaka sabini na moja, bado anasaga kwa mkono, peke yake. Bega la kulia limekwisha. Hawezi hata kuchana nywele. Daktari alimkataza jiwe. Bibi alimsikiliza kwa heshima, akarudi nyumbani kusaga.

"Honge tulikuwa tunawashia taa," anasema bibi huyo, bila kuacha kuzungusha. "Mimi nile ugali unaonuka taa?"

Cha kuudhi ni kwamba anasema kweli. Injini ilikaa bega kwa bega na mashine, na harufu ikaingia kwenye unga.

"Mama ana pua. Sisi tumezoea tu," anakiri Siddagangamma. "Lakini kila nikisikia lile jiwe naumia. Kijiji kizima nimekipumzisha, mama yangu nimeshindwa."

Mwezi uliopita aliihamishia injini nyuma ya ukuta, akatoboa tundu la kupitisha mkanda, akainua bomba la moshi juu ya paa. Kusaga kulisimama, na kikundi kikanung'unika.

"Yote haya kwa pua ya bibi mmoja?" Rathnamma alifoka, huku amebeba matofali kichwani.

Puttamadamma aliona yote, akaendelea na jiwe lake.

Leo, foleni inapokaribia kwisha, anatokea mlangoni akiwa na debe dogo la ulezi kwapani. Wanawake wanageuka.

"Mnatazama nini? Huu ni wa ng'ombe."

"Wa ng'ombe, Mama?"

"Ana mimba. Msagie laini."

Siddagangamma anasimamisha mashine. Anaifuta mdomo kwa kitambaa safi, anakaza mawe, ndipo anamimina ulezi. Unga unashuka laini kuliko wa mtu yeyote asubuhi hii. Bibi anachota kidogo, ananusa, ananusa tena, kisha anaulamba. Anafunika debe na kuondoka zake.

Rathnamma anaangua kicheko. Siddagangamma analia, na hafichi.

Kikundi kinataka mashine yake ya kukamulia mbegu, anasema baadaye, ili mafuta yasitoke tena mjini. Huo ndio mpango wa mwakani. Akiulizwa kuhusu kesho, anajipangusa mashavu.

"Kesho nitamwambia Mama kuwa ng'ombe hakushiba," anasema. "Alete tena."