Fundo Kwenye Tyubu

Nilifika kijiji cha Rwamgasa, mkoani Geita, kwa baiskeli kutoka Dodoma, nikijivunia matairi yangu membamba. Mama muuza maziwa, aliyeongoza safari za baiskeli za Jumapili za wanakijiji, aliyabonyeza akacheka.

“Mgeni, haya ni ya lami. Huku kuna miiba.”

Nilimpuuza. Siku ya usaili wa kazi Geita mjini alinisindikiza, na katikati ya njia tyubu yangu ikachanika vibaya, hata kiraka hakikushika. Nilitaka kurudi. Yeye aliikata palipochanika, akaziunga ncha mbili kwa fundo, akajaza upepo.

“Panda. Itadunda tu.”

Nilifika kwa wakati, makalio yakiniuma, nikapata kazi. Nimeishi mikoa mingi, sijaona tena mikono kama ile. Siku niliyohama Rwamgasa moja kwa moja, mama yule aliushika usukani wangu muda mrefu kabla ya kuniachia.