Mtabiri wa Jua

Juzi nilikuwa nangoja karatasi yangu igongwe muhuri kwenye kaunta ya watabiri wa hali ya hewa, uwanja wa ndege wa Muscat. Rubani mmoja, naye ana asili ya Unguja kama sisi wote pale, alikuwa akiandika kila neno la bibi mtabiri wa safari za Ulaya, aliyemweleza theluji ya huko na pepo za juu.

Mwenzake bibi huyo, bwana anayetabiri hali ya hewa ya Muscat tu, akazungusha tasbihi. "Wallahi una bahati, dada. Wewe una barafu, una dhoruba. Mimi nna nini? Hata mke wangu haniulizi."

"Husuda hiyo, kaka."

Rubani akamgeukia yule bwana. "Na hapa nikirudi Alkhamisi?"

Bwana akatengeneza kofia, akafungua faili, akakohoa. "Jua." Akamtupia mwenzake jicho. "Kali."

Karatasi ya rubani akaigonga muhuri mara mbili. Yangu ingali mkononi, na wivu sasa umenihamia mimi.