Rubani na Meno ya Nta

Kutoka nyumbani kwake hadi karakana ya meno ya bandia ni kilomita tisa, na kwa ajili ya kilomita hizo tisa mama huyu wa miaka hamsini na mmoja alinunua pikipiki ya kuvukia bara zima. Ilikuwa mpya, ya samawati, yenye kioo cha mbele cha kupanda na kushuka, masanduku mawili ya pembeni na gia sita. Ya sita hakuwahi kuigusa, kwa sababu kila akifika ya nne alikutana na taa nyekundu. Mumewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alishindwa kunyamaza.

"Mama watoto, kwani basi limekukosea nini?"

"Halijanikosea, baba. Limenichosha."

Kwa kweli hata kazi ilikuwa imemchosha. Miaka ishirini na sita alikuwa amekalia kiti kilekile, akipanga meno kwenye nta ya waridi, juu ya plasta iliyochukua umbo la fizi za mtu asiyemjua. Kazi ilikwenda kliniki kwa mkono wa tarishi na kurudi kwa mkono wa tarishi. Alitaka walau njia ya kwenda huko imchangamshe. Mumewe alikubali kwa sharti moja: siku pikipiki itakapomharibia kazi, inauzwa. Wakapeana mikono, na mama huyu si mtu wa kuvunja ahadi yake.

Mapenzi hayo ya pikipiki yalikuwa na karaha zake. Miguu yake mifupi ilifika chini kwa ncha za vidole tu. Wiki ya kwanza aliiangusha getini pa karakana, tena ikiwa imesimama tuli, na mlinzi akaja kumsaidia kuiinua huku akijiuma midomo asicheke. Tangu siku hiyo akamwita Rubani, na karakana nzima ikadakia. Kwenye foleni, vijipikipiki vya watu vilipenya kati ya magari huku yeye na masanduku yake akisubiri kama lori, feni ya injini ikimpulizia moto miguuni. Lakini baada ya daraja barabara hufunguka kidogo, mita mia tatu hivi, na hapo Rubani alicheka peke yake ndani ya helmeti kila asubuhi.

Alhamisi moja tarishi aliugua. Daktari wa meno akapiga simu: kuna mzee anasubiri kujaribishiwa meno yakiwa bado kwenye nta, yakimkaa sawa yakamalizwe haraka, maana Jumapili anapiga picha na ukoo wake wote.

"Nakuja nayo mwenyewe," Rubani alisema, mabega juu.

Sanduku la kushoto lilijaa koti la mvua na viatu vya kazini, akayaweka meno kwenye la kulia. Mwenye akili zake angejiuliza kwanza bomba la moshi linapita upande gani. Rubani, anayejua nta kuliko anavyojua watoto wake, hakujiuliza. Akakaa foleni dakika arobaini, jua la saa saba likiwa utosini.

Alipofungua sanduku kliniki, aliyainua meno kwenye mwanga. Nta ilikuwa imelegea na meno ya mbele yamelala upande kama walevi. Pikipiki imekwenda, akawaza, kabla hata hajamfikiria mzee wa watu, na akaona aibu kwa kuwaza hivyo.

"Daktari, nimeyaharibu mimi," alisema. "Nipe taa ya spiriti na kisu cha nta. Nitayapanga upya hapahapa."

Akavuta kigoda kando ya kiti cha mgonjwa. Mzee alikuwa mrefu, mpole, na tangu meno yamtoke miaka miwili nyuma, kila alipotaka kusema alitanguliza kiganja mdomoni. Rubani alipanga jino, akamjaribisha, akalitoa, akalisogeza. Ndipo alipong'amua kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuuona uso wa mtu anayemtengenezea meno.

"Mwanangu," mke wa mzee akasema kutoka kwenye benchi, "mbona unayanyoosha hivyo? Huyu alikuwa na jino moja limempanda mwenzake. Hapa."

Kwenye karatasi ya kliniki kulikuwa na rangi na ukubwa tu. Rubani akalipasha jino moto, akalipandisha kidogo juu ya jirani yake, akampa mzee kioo. Mzee alijitazama. Kiganja kikapanda kwa mazoea, kikasita njiani, kikashuka.

"Haya," mkewe akasema, machozi yakimtoka huku anacheka, "ulikuwa wapi miaka miwili yote hii?"

Rubani naye alilia, bila kuficha.

Jioni, nyumbani, alimweleza mumewe kila kitu, kuanzia sanduku la kulia. Alieleza jinsi mzee alivyokataa kukitua kioo, na jinsi yeye naye alivyomwomba daktari kwamba kuanzia sasa kila kazi ya kujaribishwa ataipeleka mwenyewe, akae na mgonjwa. Alisimama, akaonyesha kwa vidole jino lilivyopanda. Kisha akakumbuka, akakaa.

"Basi ndiyo hivyo. Tulikubaliana. Jumamosi tutafute mnunuzi."

Mumewe alizungusha kikombe mezani.

"Ungekaa kimya nisingejua," alisema.

"Ningejua mimi."

"Mama watoto, sharti lilikuwa ikikuharibia kazi." Akakisukuma kikombe. "Miaka ishirini na sita nakuuliza kazini kulikuwaje, unanijibu salama. Leo umenisimulia mpaka chai imepoa."