Jina la Chini Kabisa

Juzi, nikiwa kwenye saiba, chumba cha intaneti cha kulipia, hapa Nakuru, mzee mwenye duka la vitambaa alikuja kukagua tovuti yake. Msichana wa chuo kule Njoro, aliyekuwa ameketi naye mbele ya kompyuta, alikuwa ameitengeneza kwa muundo wa bure wa blogu, akabadilisha rangi na picha hadi ikafanana na duka lenyewe.

Msichana akamteremshia ukurasa hadi chini kabisa, mzee akakuta majina mawili ya watengenezaji.

“Huyu wa kwanza ni nani?”

“Mtu wa ng'ambo, mzee. Alitoa muundo bure, bora jina lake libaki.”

“Na hili?”

“Langu.”

“Toa. Duka ni langu.”

Msichana akaachilia mausi ya kompyuta, akakunja mikono. “Nikitoa, watu watadhani kazi yote ni ya ng'ambo.”

Mzee akayatazama tena majina yale mawili. “Basi liandike lako kubwa kuliko lake.”

Nimeifungua tovuti hiyo mara tatu, kila mara nikiteremka moja kwa moja hadi kwenye majina. Vitambaa bado sijaviangalia.